Uzi: Mchambuzi wa picha za setilaiti afundishwe kwanza kuyasoma maisha ya watu, ndipo afundishwe kumtafuta mwasi

#1 Mleta mada

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Ninafundisha usomaji wa picha za setilaiti na utengenezaji wa ramani. Miongoni mwa wanafunzi wangu wamo wanaotoka katika vyombo vya ulinzi, wanaoandaliwa kuwa wachambuzi wa intelijensia ya kijiografia, yaani ile kazi ya kuunganisha picha za angani, ramani na habari za ardhini ili kujua nini kinatokea mahali fulani na kwa nini. Nimeileta mada hii kwa sababu ya jambo moja linalonisumbua kwa muda mrefu sasa: tunawafundisha vizuri kuendesha programu na kuchakata picha, lakini hatuwafundishi vya kutosha jinsi maisha ya kawaida yanavyoonekana kutoka juu. Katika vita vya majeshi mawili upungufu huo huvumilika, maana kifaru ni kifaru na hakifanani na kitu kingine. Katika vita dhidi ya uasi, mwasi analala katika nyumba ya udongo kama ya jirani yake, anapanda pikipiki ya aina ileile na anavuka maji kwa mashua ileile, na mchambuzi anayemtafuta mwasi bila kumjua jirani huishia kuwahesabu wote wawili kuwa waasi.

Mfano wa kwanza ninaowapa darasani ni mji wa Rann, jimbo la Borno, Nigeria, karibu na mpaka wa Kameruni. Tarehe 17 Januari 2017 ndege ya Jeshi la Anga la Nigeria iliangusha mabomu katika mji huo, ambako maelfu ya watu waliowakimbia Boko Haram walikuwa wamekusanyika, na siku hiyo chakula cha msaada kilikuwa kinagawiwa. Shirika la madaktari la MSF lilihesabu waliokufa wasiopungua 90. Jeshi hilo lilipochunguza tukio lilieleza kwamba mahali pale hapakuwa pamewekwa alama kwenye ramani ya operesheni kuwa ni kituo cha misaada, na kwamba mkusanyiko wa watu haukutarajiwa. Naomba tulitafakari neno hilo "haukutarajiwa", kwa sababu kumwezesha mtu kutarajia ni kazi ya elimu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na moyo wangu. Usiku wa tarehe 3 Desemba 2023, droni ya Jeshi la Nchi Kavu la Nigeria ilishambulia kijiji cha Tudun Biri, jimbo la Kaduna, ikiwa inawawinda majambazi wenye silaha. Watu wasiopungua 85 waliuawa, nao walikuwa katika maulidi. Sisi tuliozaliwa pwani tunayajua maulidi ya usiku: mikeka imetandikwa uwanjani, wanaume upande wao, wanawake na watoto upande wao, masufuria yako motoni nyuma ya nyumba, pikipiki zimeegeshwa kwa safu, na watu wanaendelea kuwasili kwa makundi kutoka vijiji vya jirani. Sasa litazame tukio hilo kwa kamera inayoona joto tu. Utaona miili mingi imekaa kwa mpangilio, moto pembeni, vyombo vya usafiri, na makundi yanayokuja gizani. Aliyefundishwa alama za kambi ya waasi atazipata zote pale, moja baada ya nyingine.

Wala kalenda peke yake isingemsaidia. Tarehe ile ilikuwa imeshaingia mwezi wa Kiislamu wa Mfungo Nane, na mtu aliyesoma kitabuni kwamba maulidi ni ya Mfungo Sita angesema msimu umekwisha, ilhali mtoto yeyote wa mwambao angemwambia kwamba maulidi huendelea kusomwa kwa miezi kadhaa, mtaa kwa mtaa na kijiji kwa kijiji. Elimu ya namna hii haipatikani katika mwongozo wa programu.

Eneo ninalolitumia zaidi katika mazoezi ni Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Uasi wa huko ulianza tarehe 5 Oktoba 2017 kwa kushambuliwa vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, mji ukatekwa Agosti 2020, na ukakombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Rwanda na Msumbiji. Kwetu si habari ya mbali. Tarehe 14 Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto Ruvuma wakashambulia Kitaya, mkoani Mtwara, na ng'ambo ya mto kuna watu wanaozungumza Kimakonde na Kiswahili kama walivyo wa ng'ambo hii, pamoja na Kimwani, lugha ya wavuvi wa huko.

Zoezi la kwanza ni la moto. Ninampa mwanafunzi ramani ya nukta za moto zilizonaswa na setilaiti kati ya Agosti na Oktoba. Nukta hutapakaa mkoa mzima kama upele, na kila mwaka wapo wanaoandika haraka kwamba vijiji vimechomwa. Ukweli ni kwamba miezi hiyo wakulima wanafyeka na kuchoma kuandaa mashamba kabla ya mvua, na nukta moja ya chombo kinachotumika zaidi inawakilisha eneo la takriban mita 375 kwa 375, ambamo shamba, kichaka na nyumba kumi vyote vinaenea. Kwa hiyo hatua ya pili ni kuitafuta picha yenye uwezo wa kuonyesha nyumba mojamoja, kwani hata picha za bure za setilaiti ya Sentinel-2, zenye pikseli (kitone kimoja cha picha) ya mita 10, haziwezi kukuonyesha kibanda cha mita nne kwa sita.

Ukishaipata picha hiyo, unatazama uwanja wa nyumba. Mama wa kijijini hufagia uwanja wake kila asubuhi hadi udongo mtupu, na moto wa porini hauvuki kirahisi udongo uliofagiliwa. Ukiona nyumba zote zimebaki kuta tupu za mraba bila kivuli cha paa, huku miembe iliyo katikati ya nyumba hizo bado ni kijani, basi moto ule haukutembea wenyewe. Mtu aliupeleka nyumba kwa nyumba. Ukiona weusi umeenea kwa upana mmoja kutoka porini, umelamba nyumba mbili za pembeni na kuziacha nyingine, hapo pana mkulima aliyezidiwa na upepo.

Halafu ninawapa kijiji cha tatu, nacho kimeezuliwa mapaa yote. Wengi husema kimechomwa. Picha hiyo ni ya wilaya ya Macomia baada ya kimbunga Kenneth kilichotua tarehe 25 Aprili 2019. Hakuna weusi wa majivu, minazi imelala ikielekea upande mmoja, miti imepukutika majani, na mabati yanang'aa mbali na nyumba zake. Mchambuzi asiyekumbuka tarehe ya kimbunga ataandika taarifa ya shambulio ambalo halikutokea, na taarifa hiyo itakaa kwenye kumbukumbu, na mwenzake wa mwaka ujao ataitumia kama ushahidi.

Jambo la majina nalo lina uzito wake. Ipo Mocímboa da Praia iliyo baharini na ipo Mocímboa do Rovuma iliyo bara, wilayani Mueda. Ipo Pemba, makao makuu ya Cabo Delgado, na ipo Pemba yetu ya Zanzibar. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na jina la Kireno kwenye ramani, jina la Kimakonde kwa wakulima na jina la Kimwani kwa wavuvi, na mkimbizi anayehojiwa atataja lile analolijua yeye. Kabla hatujamfundisha mtu kuchora mstari mmoja, ninamtaka aandae orodha ya majina yote ya mahali anapopachambua, pamoja na jinsi yanavyotamkwa.

Kisha kuna vipimo vyenyewe, na hapa sitaki mzaha hata kidogo. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zilijengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali vifaa vya GPS hutumia WGS84, na upande wa Msumbiji ramani za zamani zina msingi wao mwingine, wa Tete. Ukisoma viwianishi (tarakimu zinazotaja mahali) kwenye ramani ya Arc 1960 ukaviingiza kwenye kifaa cha WGS84 bila kuvibadilisha, nukta yako inasogea karibu mita 300. Kando ya Ruvuma mita 300 zinaweza kumhamisha mtu kutoka nchi moja hadi nyingine, na kijijini zinakutoa porini na kukuingiza shuleni.

Ninaomba maoni yenu, hasa ya waliofanya kazi hizi na ya wanaoishi maeneo hayo.

#2 Mchangiaji (Mtwara)

Mleta mada, nakushukuru kwa kuyaandika haya. Mimi si mtu wa setilaiti, nimekulia kwenye uvuvi, na ningependa kuongeza la baharini ambalo hukulitaja.

Wavuvi wa mwambao wote huu wana desturi ya kwenda dago. Msimu ukibadilika wanahama na ngalawa na mashua zao, wanajenga vibanda vya makuti au vya maturubai kwenye kisiwa au ufuo usio na watu, wanakaa wiki au miezi, wanakausha samaki, kisha wanavunja na kuondoka. Kwa anayetazama kutoka juu, jana palikuwa na mchanga mtupu na leo pana vibanda kumi, wanaume peke yao bila familia, mashua zisizojulikana, na moshi usiku kucha. Hakuna shule wala shamba. Nani hatasema hii ni kambi? Lakini mvuvi akiambiwa tazama picha hii ataulizia vichanja vya kuanikia samaki. Dago lina vichanja, na lina nyavu zilizotandazwa juani. Ataulizia pia upepo na maji, kwa kuwa watu hawaendi dago ovyo, wanafuata kusi na kaskazi, na shughuli za ufuoni wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, si sawa na za maji mafu. Mashua iliyokaa juu ya mchanga saa nne asubuhi haikufichwa, maji yamekupwa tu.

Tangu vurugu za ng'ambo zianze, wavuvi wengi wa huku wamekuwa na hofu ya kuonekana ni watu wengine. Wafundisheni vijana wenu neno dago.

#3 Mchangiaji (mstaafu)

Mwalimu, nakuheshimu na ninakubaliana na mengi, lakini ruhusu mtu aliyewahi kukaa katika chumba cha operesheni aseme la upande wa pili.

Kamanda hana muda wa kusubiri semina ya mila na desturi. Mji wa Palma, hukohuko Cabo Delgado, ulishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, katikati ya msimu wa mvua, na katika msimu huo mawingu huziba picha za kawaida kwa siku nyingi, ukabaki na rada, ambayo inapenya wingu lakini haikuonyeshi uso wa mtu. Katika hali kama hiyo mchambuzi anayeniletea "inawezekana" tatu hanisaidii. Kusita nako kunaua. Kijiji ambacho hakikuonywa kwa sababu mchambuzi alikuwa bado anajiuliza kama lile ni dago au kambi, nacho kina watoto wake. Na tusisahau kwamba mwasi naye anaijua desturi hiyo ya wavuvi, na anaweza kuivaa kama kanzu.

Swali langu ni hili: elimu unayoitaka inamfanya mchambuzi awe sahihi zaidi, au inamfanya awe mzito tu?

#4 Mleta mada

Ndugu yangu wa Mtwara, nimelinakili ulilosema kuhusu vichanja, na litaingia darasani kama lilivyo.

Mzee wangu mstaafu, swali lako ni la haki na nimelifikiria kabla ya kujibu. Elimu hii inayofanywa wakati risasi zinalia inamchelewesha mchambuzi, hilo nakubali. Ndiyo maana nataka ifanywe kabla. Mchambuzi aliyepewa wilaya moja aifungulie daftari wakati wa utulivu: siku za gulio na njia zinazoendea huko, visima na wanaovitumia, misikiti na makanisa, shule, zahanati, tarehe za kuchoma mashamba, misimu ya dago, mahali mto unapovukika kiangazi na usipovukika masika. Daftari hilo likiwapo, usiku wa dharura hatasema "inawezekana" tatu. Atasema pale hapajawahi kuwa na dago katika miaka mitano ya picha, na upepo wa mwezi huu si wake.

Tena kuijua kawaida ndiko kunakompa mtu uwezo wa kugundua mapema. Katika picha, uasi mara nyingi huanza kuonekana kwa vitu vinavyokoma. Mashamba ambayo mwezi wa Septemba yangekuwa meusi yamebaki kijani, maana wenyewe wameogopa kwenda. Siku ya gulio uwanja ni mweupe. Bamvua limefika na mashua zote ziko nchi kavu. Kamera haina alama ya kumwonyesha mwasi hapo, lakini aliyeizoea wilaya ile ataona kwamba watu wake wanajua jambo ambalo sisi hatujalijua, na atakuamsha wewe mzee wangu wiki mbili kabla.

Malalamiko haya hayakuanzia kwetu. Januari 2010 huko Afghanistan, Meja Jenerali Michael Flynn, aliyekuwa mkuu wa intelijensia wa majeshi ya kimataifa, alichapisha yeye na wenzake wawili waraka wa wazi wakisema kwamba ofisi za intelijensia zilikuwa zimetumia nguvu nyingi mno kumfuatilia adui na zikabaki hazijui la maana kuhusu watu waliowazunguka. Miaka mitano baadaye, tarehe 3 Oktoba 2015, ndege ya Marekani iliishambulia hospitali ya MSF mjini Kunduz na watu 42 wakafa. Viwianishi vya hospitali vilikuwa vimeshakabidhiwa kwa pande zote. Ripoti ya uchunguzi ya jeshi lenyewe ilieleza kwamba vifaa vya ndege viliwaonyesha wahudumu uwanja mtupu, nao wakatafuta kwa macho jengo la karibu linalolingana na maelezo waliyopewa kwa maneno. Ninawasomea wanafunzi sehemu hiyo polepole. Vipimo viliwakataa, maelezo yakawavuta, na hapakuwa na mtu aliyesema tusimame.

Kwa hiyo katika kila taarifa ninadai sehemu tatu zilizotengwa kwa mstari: nilichokiona, ninachokidhania, nisichokijua. Tena maneno ya sehemu ya kwanza yawe ya picha tupu. "Vitu kumi vya mstatili vyenye kivuli kifupi" ni kuona. "Mahema ya wapiganaji" ni kudhani. Mwanafunzi akichanganya hizo mbili ninamrudishia kazi hata kama jibu lake ni sahihi, kwa kuwa usahihi wa kubahatisha ni hatari kuliko kosa la wazi. Kamanda atakayepokea taarifa ya namna hiyo anabaki na uhuru wa kuamua haraka, lakini atajua anaamua juu ya nini.

Na mwasi akilivaa dago kama kanzu, ni kweli anaweza. Ila ni lazima tuijue kanzu yenyewe kwanza, ndipo tuone imemkaa vibaya wapi.

#5 Mchangiaji (mwanafunzi)

Shikamoo mwalimu, na shikamooni wakubwa wote. Mimi ni msichana ninayesomea jiomatiki, yaani upimaji wa ardhi na ramani. Ninaomba kuuliza mambo mawili. La kwanza, historia ya mahali ina nafasi gani katika mafunzo hayo, au inatosha kujua hali ya sasa? La pili, kuna kazi kwa mtu kama mimi, ambaye hajawahi kuvaa sare?

#6 Mleta mada

Marahaba, mwanangu.

Historia unaiona kwenye picha hata kama hukuisoma. Tazama vijiji vingi vya nyanda za Mueda na kando ya barabara za Macomia: nyumba zimepangwa kwa mistari iliyonyooka. Baadhi ya mistari hiyo ni ya vijiji vya ujamaa vya baada ya uhuru wa 1975, na mingine ilitanguliwa na vijiji ambavyo Wareno waliwakusanyia watu kwa nguvu wakati wa vita vya ukombozi, ili kuwatenga na wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji. Chai, mahali panapokumbukwa kwa risasi za kwanza za vita hivyo tarehe 25 Septemba 1964, iko katika wilaya hiyohiyo ya Macomia. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alipeleka maelfu ya askari katika nyanda hizo kwenye operesheni iliyoitwa Nó Górdio, akavamia kambi nyingi, na miaka minne baadaye utawala wa Ureno aliokuwa akiutumikia ukaanguka. Mzee wa pale anaposikia droni na kuambiwa ahamie kambi salama, anakumbuka aliyewahi kumwambia hivyo kabla yako. Mchambuzi asiyejua hayo ataandika kwamba wananchi hawatoi ushirikiano, na hataweza kueleza kwa nini.

Kuhusu wewe, kazi ipo, na ninakuhitaji. Darasa la wanaume pekee hupotea kwenye mambo ya maji, kuni na soko, na hayo ndiyo yanayoonyesha kijiji kinaendeleaje. Mwaka mmoja nilikuwa na binti aliyeutazama ujia mwembamba uliotoka kijijini ukaishia porini, ambao wenzake watano walikuwa wameutia alama nyekundu kuwa njia ya kupitishia chakula cha waasi. Aliomba picha ya mwaka uliotangulia, akapima upana wake, akasema unapanuka kiangazi na kufifia masika, kwa hiyo unakwenda kwenye maji ya kiangazi, na wanaoupita ni wanawake na watoto.

Sikumpa alama siku hiyo. Tulikwenda kwenye kijiji kingine, cha upande wetu, chenye ujia unaofanana na ule, kila mmoja akiwa na picha iliyochapishwa mkononi, tukautembea hadi mwisho kwa dakika arobaini. Tulikuta shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa korongo, kata ya kifuu cha nazi imening'inizwa kwenye tawi, na bibi mmoja aliyetuuliza tumepotelea wapi. Wale watano walikaa chini hapohapo, wakatoa kalamu, wakaanza kuandika upya ule mstari mwekundu.